Pacha wa Kufuli Yetu

Dukani kwa mjomba kufuli hazikupangwa kwa bei wala kwa ukubwa. Zilipangwa kwa madaraja, na madaraja hayo aliyaweka yeye mwenyewe. Chini kabisa, karibu na makopo ya misumari, zilikaa kufuli ndogo za masanduku na makabati. Hizo aliziita daraja la tatu. Katikati zilikaa za milango ya vyumba na jikoni, daraja la pili. Rafu ya juu, ambayo sikuifikia bila kupanda kigoda, ilikuwa ya daraja la kwanza: kufuli za milango inayotazama barabara.

Mteja akiomba kufuli, mjomba hakukimbilia rafu. Aliuliza kwanza.

"Mlango iko wa nini? Mbao ao bati? Fremu imeshikwa na saruji ao udongo? Ukifunga, nani anabaki ndani?"

Wateja wengine walikasirika. Nakumbuka mama mmoja kutoka mteremkoni aliyetaka kufuli kubwa kuliko zote, na mlango wake ulikuwa wa mbao za masanduku ya sabuni.

"Mama," mjomba akamwambia, "mwizi hatakuibia hii kufuli. Atakuachia. Utaikuta imelala chini, imefungwa vizuri kabisa, na mlango umekwenda."

Yule mama akacheka bila kupenda. Akaondoka na kufuli ya daraja la pili, bawaba mpya na skrubu ndefu.

Mjomba alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kamba. Kila mzigo mpya ukifika aliining'iniza juu ya kufuli. Sumaku ikiruka na kung'ang'ania, ile ilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya njano, nayo ilishushwa rafu papo hapo hata kama ilikuwa kubwa kama ngumi. Ikikaa kimya, ilikuwa shaba. Halafu alichukua msumeno wa chuma akajaribu kuukata upinde wa kufuli moja, mbele ya watu. Upinde ukikatika, mzigo mzima ulishuka. Ukikataa, mzigo ulipanda.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na nilimsaidia kuuza. Kazi yangu niliipenda, isipokuwa yale maswali. Kumuuliza mtu mzima nani anabaki ndani ya nyumba yake kulionekana kwangu kama kuchungulia dirishani. Kwa hiyo mjomba aliuliza, na mimi nikapanda kigoda.

Duka la mjomba lilikuwa juu ya mteremko, hapo Nyamirambo, na duka la baba lilikuwa chini yake, upande wa pili wa barabara. Baba alishona kanzu. Alikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia, kiti chake, na mita ya mbao iliyolainika kwa miaka ya kushikwa.

Ile mita ilikuwa na kazi nyingine. Siku ya Ijumaa, adhana ya mchana ikianza, baba alisimamisha cherehani, akavaa kofia, akailaza mita kwenye misumari miwili iliyopigwa pande zote za mlango, kwenye usawa wa kiuno. Kisha alikwenda kusali na kuuacha mlango wazi. Muuza nyama aliweka kiti. Muuza sukari alilaza kamba. Fundi redio alisimamisha ufagio. Barabara yote ilikuwa hivyo, mlango wazi na kijiti mbele yake, na hakuna aliyevuka. Hata watoto waliocheza mpira walipoupiga ndani ya duka la mtu walikaa nje wakingoja sala iishe, huku wakigombana nani aliyeupiga vibaya.

Kisha, Ijumaa moja kabla ya Ramadhani, fundi redio alirudi kutoka msikitini akaukuta ufagio wake umesimama pale pale alipouacha. Akausogeza, akaingia. Rafu zilikuwa tupu. Redio zote za watu, na zake, zilikuwa zimekwenda.

Watu walizungumza juu ya redio siku hiyo moja tu. Baada ya hapo walizungumza juu ya ufagio. Mwizi aliusogeza, akaiba, akaurudisha mahali pake. Mtu wa mbali angeuangusha au angeuruka. Huyu aliujua.

Tangu siku hiyo salamu zilibadilika. Watu waliulizana habari za nyumbani kama kawaida, lakini macho yalishuka mikononi.

Wote wakaja kwa mjomba. Hakuna aliyetaka daraja la pili. Mzigo wa kufuli ulikuwa ndiyo kwanza umefika kwa lori la Mombasa, katoni moja, na mjomba aliifungua mbele ya watu waliojaa mpaka barazani. Akashusha sumaku, ikatulia. Akachukua msumeno, akakata, akakata, jasho likamtoka, na upinde ukaonyesha mkwaruzo tu, kama alama ya kucha.

"Daraja la kwanza," akasema. "Hii hata mimi siwezi kuivunja."

"Wewe muzee, mikono yako imechoka," muuza nyama akamtania. "Lete hapa."

Akajaribu naye, akashindwa, watu wakashangilia. Katoni iliisha kasoro kufuli chache tu.

Baba alikuwa wa mwisho kununua. Alisema kufunga mlango wakati wa sala ni kumwambia jirani kwamba unamdhania. Mama alimjibu kwamba jirani ameshasema hivyo kwa kufuli yake, tena ya daraja la kwanza. Lakini kilichomshinda baba ni vitambaa.

Ramadhani ilikuwa imeingia, na kila Ramadhani wanaume wa mtaa walileta vitambaa vya kanzu za Idi. Vilikuwa vyeupe, vingi vilinunuliwa polepole mwaka mzima, vingine vililetwa na ndugu kutoka Bujumbura au Zaire. Baba hakuandika jina juu ya kitambaa. Alikifunga furushi kwa uzi, na rangi ya uzi na namna ya fundo vilimwambia mwenyewe ni nani. Kufikia katikati ya mwezi, mafurushi yalijaa chini ya meza, ukutani, mpaka karibu na mlango.

"Hizi si nguo," mama alimwambia. "Hii ni Idi ya watu. Ikipotea utawaambia nini? Utawashonea nini?"

Sote tulijua jibu. Fundi aliyewapotezea watu Idi yao hangeweza kukaa tena barabara ile. Angehama, na asingekuwa na mtu wa kuagana naye.

Basi baba akanunua. Mjomba mwenyewe alipiga pete mbili za chuma mlangoni, akazishika kwa skrubu ndefu mpaka ndani ya fremu. Ufunguo mmoja baba akautia mfukoni. Wa pili akanipa mimi niutunze, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Juma lile mjomba alikwenda mpakani, kwa kuwa lori lake jingine lilikuwa limekwama huko, akaniachia duka. Alhamisi muuza nyama alikuja na kufuli yake mkononi.

"Binti, hii ufunguo inakwama. Mjomba wako aliniuzia jiwe?"

Niliweka kufuli juu ya meza, nikachonga penseli, nikautia unga wake mweusi ndani ya tundu la ufunguo kama mjomba alivyonifundisha. Kisha nikachukua ufunguo uliokuwa mbele yangu, nikauzungusha. Kufuli ikafunguka laini kabisa.

"Unaona?" muuza nyama akafurahi. "Mkono wako iko na baraka."

Akachukua kufuli yake, akauinua na ufunguo wake kutoka ukingoni mwa meza, akaondoka akiimba. Mimi nikabaki nimeshika ufunguo. Ulikuwa ule niliokuwa nimeufungua kwenye pindo la kanga ili nipate penseli iliyofungwa pamoja nao. Ulikuwa ufunguo wa baba.

Halafu nikapanda kigoda, nikashusha kufuli zilizobaki za katoni ile. Ufunguo wa baba ulikataa moja, ukakataa ya pili, ukaifungua ya tatu. Nikajaribu funguo zao zenyewe, huu kwa ile, ule kwa hii. Kufuli zilikuwa nzito, za shaba safi, hakuna msumeno uliozidhuru. Lakini aliyezitengeneza alichonga meno ya aina chache tu, akayarudia katoni nzima. Na katoni nzima ilikuwa sasa imening'inia kwenye milango ya barabara yetu, ambako mahali fulani alikuwapo mtu aliyejua kurudisha ufagio.

Jioni ile nilimkuta baba anakata kitambaa huku wateja wawili wamesimama wakingoja kupimwa mabega.

"Baba, ile kufuli," nikasema.

"Ina nini? Haifungi?"

"Inafunga."

"Basi."

Akauma uzi, akaendelea. Baada ya futari wageni walijaa, kisha akaenda kwenye sala. Nilirudia maneno kichwani mwangu na kila mara yalikuwa machache mno. Nimwambie kufuli yake inafunguliwa na ufunguo wa mtu mwingine? Ataniuliza, wa nani? Nikaona nikimpelekea jibu la swali hilo, hata maneno machache yatatosha.

Ijumaa adhana ilipoanza, mawingu yalikuwa mazito juu ya mlima. Baba aliifunga kufuli, akaivuta mara mbili, akaondoka. Muuza nyama akafunga. Muuza sukari akafunga. Barabara ikabaki tupu, milango imefungwa, kitu ambacho macho yangu yalikuwa hayajakizoea. Nikafunga duka la mjomba, nikashuka na ufunguo wetu kiganjani.

Mlango wa muuza sukari ulikataa. Wa muuza mafuta ya taa ukakataa. Karibu yake kilikuwa chumba cha mama mmoja aliyekaanga sambusa za futari. Humo aliweka unga, mafuta na sufuria zake. Niliingiza ufunguo, nikauzungusha, na upinde ukaruka.

"We!"

Sikugeuka kwa wakati. Mkono wenye unga ulikuwa umeshanikamata.

"Unafanya nini mlangoni kwangu? Yewe! Kujeni muone! Mtoto wa fundi, na kanga yake hivi, na heshima yake hivi! Kumbe mwizi wa Ijumaa ni huyu!"

Wanawake wakatoka uani. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine na mwiko. Walitazama kufuli iliyofunguka, wakatazama ufunguo uliokuwa bado ndani yake. Hawakuhitaji kuuliza. Nilitaka kusema, na mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Yule mama wa sambusa alinishika hivyo hivyo mpaka sala ikaisha. Hakunipiga. Aliniambia tu, kila mara, "Usinitazame hivyo. Sema." Nami nilishindwa.

Wanaume wakashuka kutoka msikitini, wakaongeza mwendo walipoona kundi. Fundi redio alifika wa kwanza.

"Redio ziko wapi?" akaniuliza. Hakupaza sauti. "Hata zangu siziulizi. Za watu tu. Ziko wapi?"

Kisha baba. Watu wakampisha. Alitazama mkono wangu uliokamatwa, akatazama ule ufunguo, akaujua. Uso wake ulikuwa kama kitambaa alichokuwa akikikata jana yake.

"Mwanangu," akasema, "sema."

Nikaona kwamba sitaweza. Nikauchomoa ufunguo wetu kwa mkono uliokuwa huru, nikampa baba. Halafu nikaanza kutembea, na yule mama, kwa kuwa hakutaka kuniachia, akatembea nami. Kundi likatufuata mpaka mlangoni kwa baba. Nikanyoosha kiganja.

"Ufunguo wako, mama."

"Wangu? Wa nini?"

"Naomba."

Nadhani alinipa kwa mshangao tu. Ulikuwa umefungwa kwenye uzi mweusi. Nikauingiza kwenye kufuli ya baba, nikauzungusha. Kufuli ikafunguka. Mlango ukasogea wenyewe, na wote wakaona ndani: mafurushi meupe, moja juu ya jingine, kila mtu na lake.

Baba akauchukua ule ufunguo. Akafunga, akafungua, akafunga. Muuza nyama akasonga mbele taratibu, akatoa ufunguo wake mfukoni, akajaribu pia. Ukafungua.

"Astaghfirullah," akasema.

Yule mama akaniachia mkono.

Sasa kila mtu alikuwa ameshika ufunguo wake, lakini hakuna aliyekwenda kujaribu mlango wa mwenzake. Walisimama wakitazamana mikono. Ilianza kunyesha na bado hawakuondoka. Mwishowe muuza sukari akauinua ufunguo wake.

"Kwa hiyo mimi nimenunua kufuli ya watu wote?"

Wachache walicheka. Fundi redio hakucheka. Aliniambia, "Nisamehe, mtoto," akageuka akaenda zake kwenye mvua.

Usiku ule wanaume walilala madukani mwao. Baba alilala juu ya meza ya kukatia.

Mjomba alirudi Jumamosi, watu walipokuwa wakitoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wakiwa bado na majembe yao begani. Alielezwa kila kitu akiwa amesimama. Hakujitetea. Alitandika mkeka mbele ya duka akawaambia wote walete kufuli zao.

"Nilizipima kwa sumaku," alisema. "Nilizikata kwa msumeno, mliniona. Kufuli kwa ufunguo wa jirani yake, hapo sikupima. Lori langu iko mpakani, halitafika kabla ya Idi. Hizi ndizo tunazo."

Kisha akaniambia mimi nizipange, kwa kuwa mimi ndiye niliyezijua. Nilipiga magoti mkekani nikajaribu kila ufunguo kwa kila kufuli, na mtaa mzima ukiwa umesimama juu yangu. Nilipomaliza, zilikuwa zimelala kwa mafungu, nyingine pacha, nyingine tatu tatu, fungu moja nne.

Mawazo ya mjomba yalikuwa rahisi: wenye ufunguo mmoja wakae mbali, mmoja juu ya mteremko, mwingine chini kabisa. Watu wakakataa.

"Nimpe ufunguo wangu mtu nisiyemwona?" muuza mafuta ya taa akauliza. "Afadhali awe jirani, nimsikie akikohoa."

"Basi mchague wenyewe," mjomba akasema. "Nani anakubali nani."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko Ijumaa. Kubadilishana kufuli ilikuwa kazi ya dakika moja, lakini ilibidi kusema kwa sauti, mbele ya wote, ufunguo wa mlango wako awe nao nani. Shemeji wawili waliokula pamoja kila siku walikaa kimya mpaka ikaonekana wazi kwamba hawatachaguana. Mtu mmoja alichaguliwa na watatu, akaona haya. Mwingine hakuchaguliwa na yeyote, akajifanya anatafuta kitu mfukoni, mpaka mjomba akasema, "Huyu atakuwa na mimi." Fundi redio alikataa kufuli kabisa.

"Mimi sina tena cha kuibiwa," alisema. "Narudia ufagio wangu."

Fungu letu lilikuwa la watatu: baba, muuza nyama, na mama wa sambusa.

"Mimi na fundi hakuna neno," muuza nyama akasema. "Lakini huyu mama, na kelele zake zile..."

"Nyama yako ya tangu juzi," mama wa sambusa akamkata, "nani ataiiba? Mwizi naye ana pua."

Watu wakacheka sana, kwa mara ya kwanza tangu jana. Muuza nyama akacheka pia, akaomba abadilishiwe, akabadilishiwa. Tukabaki wawili. Mjomba akamtazama baba na kufuli nyingine mkononi, tayari kumpa. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba mwanamke huyu ndiye aliyenikamata na kuniita mwizi barabarani. Mama wa sambusa alitazama chini. Unga ulikuwa bado kwenye kucha zake.

"Acha," baba akasema. "Sisi tunabaki pacha."

Nyumbani mama hakuyameza.

"Idi ya watu wote umemwekea yule? Aliyemshika mwanao kama kibaka?"

"Ijumaa barabara yote ilikuwa tupu," baba akasema. "Mtu mmoja tu aliangalia mlango. Kama angekuwa mwanao mwizi kweli, mlango wa nani ungeokoka?"

"Na kama mwizi ni yeye?"

Baba akainamia cherehani. Nadhani na yeye alijiuliza.

Juma lile lilikuwa refu. Kila asubuhi nilipita kwa baba kabla ya kwenda kwa mjomba, nikayagusa mafurushi, uzi mwekundu, uzi wa bluu, fundo moja, mafundo mawili. Kanzu zilizokwisha baba alizirudisha kwenye furushi la mwenyewe, na nyingi zilikuwa bado hazijachukuliwa. Nikiwa juu dukani nilitazama chini kila mara. Mama wa sambusa alikaa barazani kwake akikunja unga, na uzi mweusi ulionekana shingoni pake. Naye alitazama juu. Tulipokutana macho, wote wawili tuligeuka.

Ikafika Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Baba alifunga kufuli, akaivuta, akaenda kusali. Hawakuwa hata wameketi msikitini mvua ilipoanguka. Haikuanza kwa matone. Ilikuja yote pamoja, na mabati yakanguruma mpaka sikuweza kusikia kitu kingine. Maji mekundu yakaanza kushuka mteremko, kwanza pembeni, halafu katikati ya barabara, yakibeba majani, kandambili moja, kopo.

Nilisimama mlangoni kwa mjomba. Kupitia mvua niliona chini, upande wa pili, mlango wa baba. Ulikuwa wazi.

Sikumbuki kufunga duka. Nakumbuka kuteleza, kushika ukuta, kuteleza tena. Wanaume wote walikuwa ndani ya msikiti na mvua ile isingewaruhusu kutoka. Nilipofika, zile pete mbili za chuma zilikuwa tupu. Ndani alikuwa mama wa sambusa, kanga imefungwa kiunoni, na mafurushi mawili ya watu kifuani mwake.

Mdomo wangu ulifunguka. Safari hii neno lilikuwapo, neno lile lile lake, lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Usisimame hapo kama kitasa!" akanipigia kelele. "Shika!"

Akanirushia furushi. Hapo ndipo nilipotazama miguu yangu. Maji yalikuwa yamepita kizingiti na yalikuwa yakienea sakafuni, mekundu, yakielekea kwenye vitambaa vyeupe vilivyokuwa bado chini. Nikaliweka furushi mezani, nikainama kuchukua jingine. Meza ikajaa, tukaweka juu ya cherehani, juu ya kiti cha baba, juu ya mabega yetu. Furushi la mwisho, la mafundo matatu, lilikuwa limeloa ncha moja. Yeye akalikung'uta, akalikamua kwa vidole viwili polepole, akanionyesha: maji matupu, tope halikuwa limefika.

Mvua ilipopungua tulikuwa tumesimama katikati ya duka kama watu waliokuja kupimwa.

"Nilikuona ukishuka," akasema. "Ulikuja kunikamata."

Sikuweza kumjibu hapana.

"Ni vizuri," akasema. "Na mimi ningekuja."

Akatoka mlangoni, akapapasa majini kwa mguu, kisha kwa mkono. Alikuwa ameitundika kufuli kwenye pete bila kuifunga, mlango ukapigwa na upepo, ikaanguka. Mfereji ulikuwa umeichukua. Tulitafuta mpaka chini kwenye kalavati hatukuiona. Basi nikaichukua mita ya mbao iliyokuwa ukutani, nikailaza kwenye misumari miwili ya zamani, na sisi tukakaa ndani, nyuma yake, tukangoja.

Baba alikuja akikimbia, kanzu ameishika juu ya magoti. Aliiona mita, akasimama. Akatuona sisi. Akanyoosha mkono juu ya mita bila kuivuka, akagusa furushi lililokuwa karibu, kisha la pili.

"Kavu," akasema. Halafu akatazama zile pete tupu. "Kufuli iko wapi?"

"Imekwenda na maji," mama wa sambusa akasema.

"Ilikuwa ya daraja la kwanza," mimi nikasema.

Baba akanitazama, kwa kuwa sikuwa na kawaida ya kusema mbele ya watu. Kisha akainua mita, akaingia, akaanza kutafuta sindano yake. Kanzu nyingine zilikuwa bado hazina vifungo, na Idi ilikuwa imekaribia.